Kompyuta mpakato imegoma kuwaka: tafuta pale ilipokwamia

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja tu, kisha tulia. Tazama taa za pembeni na za kibodi. Tega sikio karibu na feni. Angalia kioo ukiwa mahali penye mwanga hafifu. Sekunde ishirini za utulivu huo zina faida kuliko saa nzima ya kubahatisha, kwa sababu kompyuta huwaka kwa mpangilio uleule kila siku: umeme unaingia, bodi kuu (ubao unaobeba saketi zote) inajikagua yenyewe pamoja na RAM (kadi ya kumbukumbu ya muda), programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya bodi (BIOS, au UEFI kwenye mashine za miaka ya karibuni) inatafuta diski, halafu diski inapakia mfumo endeshi, kama Windows. Mashine ikigoma, kuna hatua moja kati ya hizo iliyoshindikana. Kazi yako ya kwanza ni kuijua hatua hiyo, na wala huhitaji vifaa vyovyote kuijua.

Ikiwa hakuna taa, hakuna feni wala mlio, umeme haufiki au bodi ina hitilafu. Taa zikiwaka na feni ikazunguka huku kioo kikibaki cheusi, ukaguzi wa mwanzo umekwama, au kioo chenyewe ndicho kibovu. Ikitokea nembo ya kampuni iliyotengeneza mashine na kufuatiwa na maandishi meupe yanayodai hakuna diski, tatizo liko kwenye diski au kwenye mipangilio ya BIOS. Na ukifika hadi nembo ya Windows, kisha viduara vikazunguka bila mwisho, au kikatokea kioo cha buluu, au mashine ikajizima na kujiwasha tena na tena, basi kilichougua ni mfumo endeshi. Vifaa vyenyewe mara nyingi ni vizima.

Ukishajua uko kundi gani, nenda moja kwa moja kwenye sehemu yake hapa chini. Watu hupoteza siku nzima wakipiga Windows upya kwenye mashine yenye RAM iliyolegea, na wengine hununua betri mpya ilhali kilichoharibika ni sasisho la usiku wa jana.

Mambo mawili ya kuangalia kabla ya yote

La kwanza ni betri iliyovimba. Funga kompyuta, iweke kwenye meza tambarare, kisha iinamie uitazame kwa ubavu. Kama mfuniko haufungi sawasawa, tachipadi imeinuka au haibonyezeki, au mashine inayumba mezani, ichukulie kuwa betri imevimba. Chomoa chaja papo hapo na usijaribu kuiwasha tena. Usiibonyeze betri irudi bapa, usiitoboe, wala usiichokoe na bisibisi. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kulipuka moto usiozimika kirahisi. Mpelekee fundi, na umwambie mapema unachomletea.

La pili ni maji, chai, soda au kimiminika chochote. Kama kilimwagika, hata kama ni juzi, usiendelee kubonyeza kitufe kuona kama imepona. Maji peke yake huharibu kidogo. Umeme ukipita ndani ya maji ndio unaounguza saketi na kula shaba ya bodi. Chomoa chaja, ishikilie kitufe hadi izime kabisa, toa betri kama inatoka, ipindue kibodi kikitazama chini, na ipelekwe ikafunguliwe na kusafishwa kwa spiriti ya isopropili. Kuifukia kwenye mchele hakusaidii. Mchele haufiki kwenye bodi, na sukari ya soda haikauki ikaondoka. Hubaki palepale ikiendelea kula chuma.

Kama hakuna lolote kati ya hayo mawili, endelea.

Hakuna taa kabisa: fuata umeme kutoka ukutani

Anza na soketi. Chomeka kitu kingine unachojua ni kizima, taa au chaja ya simu, uone kama kinafanya kazi. Ondoa kebo za nyongeza na vigawanyio vyote, kisha chomeka chaja ukutani moja kwa moja. Chaja nyingi zina waya wa vipande viwili, na kile kipande cha kutoka ukutani hadi kwenye kisanduku hulegea pale kinapoingia. Kisukume hadi mwisho. Kama plagi yako ina fyuzi, ijaribu na nyingine.

Halafu itazame chaja yenyewe. Pitisha vidole kwenye waya wote polepole, hasa karibu na ncha zake mbili, pale unapokunjwa kila siku. Sehemu iliyolainika kupita kiasi, iliyochubuka au yenye joto imekatika kwa ndani. Ikiwa taa ndogo ya chaja inawaka ukutani na kuzimika mara tu unapochomeka kwenye kompyuta, zingatia sana dalili hiyo: maana yake chaja inajilinda, kwa sababu ama imechoka, ama ndani ya kompyuta kuna shoti. Ijaribu chaja hiyo kwenye mashine nyingine inayolingana nayo. Ikifanya kazi huko bila shida, shoti iko kwenye bodi yako, na hapo ni kwa fundi.

Ukiazima chaja, soma kibandiko chake. Volti lazima zilingane na za chaja yako. Nyingi za tundu la duara ni 19, 19.5 au 20. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Kuwa na ampea nyingi hakuleti madhara, kwa sababu kompyuta huvuta inachohitaji tu. Volti zisizo sahihi ndizo zinazoua.

Chaja za USB-C zina mambo yake. Kompyuta na chaja huzungumza kwanza, kisha hukubaliana volti: 5, 9, 15 au 20. Chaja ya simu inayotoa volti 5 peke yake haitaiamsha mashine inayotaka 20, hata ukiiacha usiku kucha. Hata kebo ina uzito wake hapa: ya kawaida hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20, na mashine inayohitaji zaidi ya hapo inataka kebo yenye chipu ndani. Wengi hubadilisha chaja mara mbili bila kuigusa kebo. Ianze kebo. Na kama kompyuta ina matundu mawili ya USB-C, jaribu yote mawili, maana mara nyingine ni moja tu linalopokea chaji.

Wenye multimeta (kifaa cha kupimia umeme) wanaweza kupima chaja ya tundu la duara: iweke kwenye volti za DC, ncha nyekundu ndani, nyeusi kwenye ganda la nje. Usomaji ukaribie namba iliyo kwenye kibandiko. Zile zenye sindano nyembamba katikati, kama za Dell na HP nyingi, usiipime sindano hiyo, kwa kuwa kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa kompyuta. Umeme wenyewe uko kwenye ukuta wa ndani wa bomba. Sindano ikivunjika au kupinda, mashine inaweza kuwaka lakini ikakataa kuchaji betri na ikafanya kazi polepole. USB-C usiipime kwa njia hii, kwa sababu haitoi chochote hadi ikubaliane na kompyuta, na sifuri utakayoiona haina maana yoyote.

Angalia na tundu la kompyuta lenyewe. Mulika kwa tochi. Pamba ya mfukoni na vumbi hujikusanya ndani hadi plagi isifike mwisho; vitoe kwa kijiti cha meno cha mbao, mashine ikiwa imezimwa na chaja imechomolewa. Plagi ikicheza ndani ya tundu, au chaji ikija na kupotea ukiitikisa, tundu limelegea. Hilo hubadilishwa, tena kwa mashine nyingi ni kazi ndogo.

Sasa njoo kwenye hatua inayofufua mashine nyingi zilizoonekana zimekufa: kuondoa umeme uliobaki ndani. Kompyuta huweza kujifungia katika hali ambayo kidhibiti chake cha umeme kimeganda, na haiitikii kitufe tena.

1. Chomoa chaja, flashi, kipanya, monita na kila kilichounganishwa.
2. Kama betri inatoka kwa nje, itoe.
3. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30 hadi 60 bila kuachia.
4. Bila kurudisha betri, chomeka chaja peke yake na ujaribu kuwasha.
5. Ikiwaka, izime, rudisha betri, jaribu tena.

Mashine ambayo betri yake iko ndani, fanya hatua ya kwanza, ya tatu na ya nne. ThinkPad nyingi zina kitundu kidogo chini ya tumbo kwa kazi hii hasa: chomoa chaja, ingiza ncha ya kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, bonyeza taratibu kwa sekunde chache, kisha chomeka chaja. Usikichanganye na tundu la kadi ya simu.

Ikiwaka bila betri na kugoma ikiwa nayo, betri ndiyo mbovu. Ikiwaka kwa betri tu na kuikataa chaja, rudi kwenye chaja na tundu. Betri iliyoachwa miezi mingi bila kuchajiwa yahitaji subira pia: iache kwenye chaja nusu saa kabla ya kukata tamaa, kwa kuwa betri iliyokauka kabisa huweza kutoonyesha taa yoyote dakika za mwanzo.

Taa zinawaka, feni inazunguka, kioo cheusi

Hapa swali la kwanza ni hili: je, kompyuta imewaka na kioo hakionyeshi, au haijawaka kabisa? Bonyeza kitufe cha herufi kubwa, Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika kwa kufuata kidole chako, mashine iko hai na tatizo ni picha. Isipoitikia, ukaguzi wa mwanzo umekwama.

Kwa mashine iliyo hai, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa pembe, ukikitazama kwa karibu. Ukiona kivuli cha maandishi au picha, basi taa ya nyuma ya kioo imezimika, na kabla ya kuhukumu, jaribu vitufe vya kuongeza mwangaza. Kisha unganisha monita au runinga kwa HDMI. Kwenye Windows, bonyeza Windows pamoja na P ili kubadili mahali picha inapoelekezwa. Na Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja huianzisha upya programu inayoendesha kadi ya picha. Picha ikitokea kwenye monita ya nje, shida ni kioo au utepe unaopita kwenye bawaba, na unaweza kuendelea na kazi zako kwa monita hiyo hadi utakapotengeneza.

Kuna jambo dogo lisilojulikana sana. Kompyuta hujua mfuniko umefungwa kwa kuhisi sumaku. Bangili yenye sumaku, kava la simu au kompyuta nyingine iliyo chini yake huweza kuifanya izime kioo au ilale ikidhani umeifunga. Isogeze mahali peupe ujaribu tena.

Kama Caps Lock haiitikii, tazama kama kuna taa inayopepesa kwa mpangilio, au milio inayojirudia. Hiyo ni lugha ya bodi, na inafaa kuhesabiwa kwa makini. Kwenye Dell nyingi, taa ya betri hupepesa rangi ya chungwa kisha nyeupe: mara mbili na tatu maana yake RAM haikuonekana, mbili na nne, RAM ina hitilafu, mbili na moja, prosesa, mbili na saba, kioo. HP hutumia taa ya Caps Lock au ya kitufe cha kuwashia, na kampuni nyingine milio. Chukua video ya taa hizo kwa simu, uzihesabu polepole, kisha utafute maana yake kwenye kitabu cha modeli yako, kwa sababu misimbo hutofautiana hata ndani ya kampuni moja.

Mshukiwa mkuu katika kundi hili ni RAM. Hulegea kwa mtikisiko, na miguu yake ya dhahabu hushika uchafu. Kama mashine yako inaruhusu kufikiwa RAM (nyingi nyembamba za sasa zimeichomelea kwenye bodi, na hapo huna la kufanya), ifanye hivi.

Zima, chomoa chaja, gusa kitu cha chuma ili umeme tuli uliomo mwilini ukutoke. Fungua mfuniko wa chini, na kila skrubu iweke kwenye karatasi mahali panapolingana na ilipotoka, kwani hazilingani urefu na skrubu ndefu ikiingizwa pafupi hutoboa bodi. Kitu cha kwanza baada ya kufungua ni kuchomoa kiungio cha betri kwenye bodi, kwa kucha au kijiti cha plastiki, ukishika kiungio chenyewe na si nyaya zake. Usiguse kitu kingine kabla ya hapo.

RAM iko kwenye nafasi yake kama kadi ndogo iliyolala. Pande zake mbili kuna vishikio vya chuma. Visukume nje kwa vidole viwili na kadi itaruka juu yenyewe kwa mshazari. Itoe kwa kushika kingo. Pangusa miguu ya dhahabu kwa kitambaa laini chenye spiriti ya isopropili kidogo, au kwa kifutio safi cheupe, kisha ondoa mabaki yote ya kifutio. Puliza nafasi yenyewe kwa pampu ya mkono, si kwa mdomo, maana mate ni maji. Rudisha kadi kwa mshazari uleule hadi dhahabu iwe karibu kupotea yote, ndipo uilaze chini mpaka usikie vishikio vikibana, tak, pande zote mbili. Watu wengi hukosea hapa: huilaza kabla haijaingia yote, na mashine inaendelea kuwa kimya.

Zikiwa kadi mbili, jaribu moja peke yake, kisha nyingine, kisha kila moja kwenye nafasi ya pili. Hivyo utajua kama mbovu ni kadi au ni nafasi. Ukinunua mpya, hakikisha kizazi kinalingana. DDR4 ya kompyuta mpakato ina miguu 260, DDR5 ina 262, pengo lake liko mahali tofauti, na nguvu haitaifanya iingie. Baada ya kubadilisha RAM, hasa DDR5, mashine huweza kukaa na kioo cheusi dakika kadhaa mara ya kwanza ikiipima. Iache.

Ukiwa humo ndani, angalia betri ndogo ya duara, mara nyingi CR2032 ya volti 3. Hiyo hutunza saa na mipangilio ya BIOS. Ikiisha, saa huweza kurudi nyuma kila unapozima, na mipangilio huweza kurudi ya kiwandani. Kumbuka jambo hili, lina athari katika sehemu inayofuata.

Inasema hakuna diski

Ujumbe huja kwa sura nyingi: "No bootable device", "Operating system not found", au kwenye HP "Boot device not found" pamoja na msimbo 3F0. Kabla ya hofu, chomoa flashi, kadi za kumbukumbu na diski zote za nje. Mashine iliyopangwa kuanza na USB itakwama kwenye flashi isiyo na mfumo.

Kisha ingia kwenye BIOS. Washa na papo hapo gonga kitufe husika mfululizo: F2 kwa Dell, Acer na Asus, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Lenovo nyingine nyingi. Tafuta mahali panapoorodheshwa diski. Swali ni moja tu: je, jina la diski yako lipo?

Kama lipo, diski inaonekana na tatizo ni mipangilio au mfumo. Hakikisha iko ya kwanza kwenye mpangilio wa kuwashia, na palipoandikwa "Windows Boot Manager" pawe juu. Halafu tazama namna diski inavyosomwa: AHCI, RAID au VMD. Windows iliyopigwa chini ya mojawapo huweza kukataa kuwaka chini ya nyingine, ikitoa kioo cha buluu chenye "INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE". Hapa ndipo ile betri ndogo inaporudi: ikifa, BIOS inaweza kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na kompyuta iliyokuwa nzima jana ikaamka leo haiioni Windows yake. Badilisha chaguo hilo moja, hifadhi, jaribu. Lisipofaa, lirudishe lilipokuwa.

Onyo kabla hujagusa BIOS: kompyuta nyingi za Windows 11 huwa zimesimba diski (zimefunga data yake kwa ufunguo wa siri) zenyewe pale mwenyewe alipoingia kwa akaunti ya Microsoft, na mabadiliko ya BIOS huweza kuifanya idai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida uko kwenye akaunti hiyohiyo ya Microsoft. Utafute kwa simu, uuandike mahali, ndipo uendelee. Bila huo, hakuna fundi wa kukufungulia faili zako.

Kama jina la diski halipo, zima, fungua, itoe na uirudishe. SSD za M.2 (diski nyembamba kama kadi, zisizozunguka) hushikwa kwa skrubu moja. Skrubu ikilegea, diski huinuka. Bado haionekani? Iweke kwenye kasha la USB na uijaribu kwenye kompyuta nyingine. Ikionekana huko, nakili faili mara moja.

Diski ya zamani ya kuzunguka ikitoa mlio wa tik, tik, tik unaojirudia, zima. Kichwa cha kusomea kinagonga, na kila dakika ya kuwaka huongeza uharibifu juu ya sahani zenye data yako. Usiipige, usiiweke kwenye friza, usiendeshe programu ya kuikarabati. Kama kilichomo ni cha thamani, iende kwa wataalamu wa kuokoa data ikiwa imezimwa.

Windows inaanza kisha inakwama

Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, ziliganda kwenye kioo cha buluu kwa sababu ya faili moja yenye kasoro iliyotumwa na programu ya ulinzi ya CrowdStrike. Vifaa vyote vilikuwa vizima. Mashine nyingi zilipona kwa kuingia katika hali salama (Safe Mode, Windows ikianza na vitu vya lazima tu) na kulifuta faili hilo. Ndiyo maana katika kundi hili nasisitiza usikimbilie kufuta diski.

Tafuta kwanza menyu ya uokoaji. Washa, nembo ya Windows ikitokea, shikilia kitufe hadi izime. Rudia mara mbili au tatu, na safari inayofuata Windows itafungua yenyewe menyu hiyo. Ikikataa, tumia flashi ya GB 8 au zaidi iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine kwa programu ya Microsoft ya Media Creation Tool, kisha chagua kukarabati badala ya kusakinisha.

Ndani ya menyu, nenda kwenye "Troubleshoot", kisha "Advanced options". Mimi hufuata mpangilio huu, kutoka kisichogusa kitu hadi kinachogusa mengi. "Startup Repair" kwanza. Ikishindwa, "Uninstall Updates", hasa kama shida ilianza baada ya sasisho. Kisha "System Restore", inayorudisha mfumo siku za nyuma bila kugusa nyaraka zako. Kisha "Startup Settings", anzisha upya na ubonyeze 4 kwa hali salama. Mashine ikiwaka katika hali salama, mkosaji ni programu au kiendeshi (programu ndogo inayoendesha kifaa) kilichoongezwa karibuni, kiondoe.

Anayeweza kuandika amri afungue "Command Prompt". Kumbuka kuwa humu herufi za diski hubadilika, na Windows inaweza kuwa D badala ya C. Andika dir C: uone kama folda ya Windows ipo. Ukishaipata, hizi ndizo zenye faida, ukiweka herufi uliyoipata mahali pa C:

chkdsk C: /f
sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows
bcdboot C:\Windows

Ya kwanza hurekebisha mpangilio wa faili, ya pili hurudisha faili za mfumo zilizoharibika, ya tatu huandika upya mahali pa kuanzia. Ile ya kwanza usiiendeshe kwenye diski inayosuasua kabla ya kunakili faili, kwa kuwa huichosha.

Yote yakishindikana, kuna "Reset this PC" yenye chaguo la kubakiza faili zako. Hilo hubakiza nyaraka, lakini programu ulizoweka huondoka. Nakili kwanza.

Kwa wenye Mac

Folda inayopepesa yenye alama ya kuuliza maana yake haioni mahali pa kuanzia. Mac za prosesa ya Apple, zilizoanza na M1 mwaka 2020, hufika kwenye uokoaji kwa kushikilia kitufe cha kuwashia hadi machaguo yatokee. Za Intel, kwa kushikilia Command na R wakati wa kuwaka. Humo tumia Disk Utility na chaguo la First Aid. Za Intel za kabla ya T2 (chipu ya usalama ya Apple), ambazo betri haitoki, zikiwa kimya kabisa huweza kuamshwa kwa kushikilia Shift, Control na Option za kushoto pamoja na kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10. Za prosesa ya Apple hazina hatua hiyo.

Kutoa faili kabla ya chochote kikubwa

Mashine inayowaka hadi BIOS lakini haina mfumo bado inaweza kukupa faili zako. Kwenye kompyuta nyingine, tengeneza flashi ya Ubuntu (mfumo endeshi wa bure unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi), ichomeke kwenye mgonjwa, fungua menyu ya kuchagua pa kuanzia (F12 kwa Dell, Lenovo na Acer, F9 kwa HP, Esc kwa Asus), chagua flashi, kisha "Try Ubuntu". Usisakinishe. Fungua folda ya diski yako, nakili unachokitaka kwenye diski ya nje. Diski iliyosimbwa itadai ule ufunguo wa tarakimu 48 hapa pia.

Ukifika kwa fundi

Mashine ambayo haionyeshi taa hata kwa chaja nzima na bila betri, au ambayo kusafisha na kubadilisha RAM hakujaiponya, ina tatizo la bodi: shoti, chipu ya chaji, au BIOS iliyovurugika. Hilo linahitaji darubini na mkono uliozoea. Bodi nyingi hutengenezeka kwa kubadilisha kijisehemu kimoja, hivyo ukiambiwa papo hapo kwamba lazima ubadilishe bodi nzima bila kupimwa, tafuta maoni ya pili.

Mpelekee fundi karatasi yenye modeli kamili, kilichotokea siku ya mwisho ilipowaka, mahali inapokwama, idadi ya milio au taa, na ulichokwisha kujaribu. Mweleze waziwazi kama kuna faili ambazo hazina nakala, na umtake asifute diski bila ruhusa yako. Kama diski inatoka kirahisi na tatizo ni la umeme au la kioo, itoe ubaki nayo nyumbani. Kazi ya bodi haiihitaji.